Pumzi ya Mchezaji wa Raketi: Kimbia, Pumzika, Rudia

SOMO LA AFYA NA MICHEZO

Leo tutajifunza juu ya pumzi. Si pumzi ya kulala na kuamka, bali pumzi ya mchezaji. Tutamzungumzia mchezaji anayeshika raketi: wa tenisi, wa mpira wa meza, na hasa wa mpira wa vinyoya. Huu wa vinyoya unaingia vijijini kwa urahisi. Unataka raketi mbili, kinyoya kimoja, wavu uliofungwa kwenye miti miwili, na kiwanja kilichofagiliwa. Basi.

Lakini wengi wanaoucheza wanashindwa kwa sababu moja. Mikono wanayo. Macho wanayo. Pumzi hawana. Somo hili litakuonyesha namna ya kuitengeneza pumzi hiyo kwa mazoezi ya vipindi.

MANENO YA SOMO

Soma maneno haya kwanza, pole pole. Utayakuta mbele.

Pumzi: uwezo wa moyo, mapafu na damu kupeleka hewa safi kwenye misuli kwa muda mrefu.
Kipindi: muda uliopimwa wa kufanya kazi kwa nguvu, kisha muda uliopimwa wa kupumzika.
Mapigo: jinsi moyo unavyopiga. Huhesabiwa kwa dakika moja.
Sekunde: sehemu ndogo ya dakika. Dakika 1 ina sekunde 60.
Kupasha mwili: kuuandaa mwili kabla ya kazi ngumu.

KOSA LILIKUWA LANGU

Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilikuwa nikiwafundisha vijana wa kijiji kucheza mpira wa vinyoya. Kijana mmoja alitushinda wote. Alikuwa mwepesi, na mkono wake ulikuwa na akili. Tukakubaliana apelekwe kwenye mashindano ya wilaya. Wanakijiji walichanga nauli. Mama mmoja alitoa hata fedha ya mayai yake.

Nikamwambia kijana, "Mwanangu, kila asubuhi kimbia barabarani saa nzima, pole pole. Utapata pumzi." Akanitii. Alikimbia mwezi mzima bila kukosa siku.

Siku ya mashindano ilifika. Seti ya kwanza alishinda 21 kwa 12. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Seti ya pili mambo yakageuka. Alianza kuchelewa kufika kwenye kinyoya. Alifungwa 21 kwa 17. Seti ya tatu alikuwa amesimama kama mti. Mikono ilikuwa kiunoni, mdomo wazi. Alifungwa 21 kwa 9.

Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Jioni alikuja nyumbani na raketi yake, akaiweka mlangoni.

"Mwalimu, chukua. Mimi na mchezo huu basi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Si ulisema nikimbie? Nimekimbia. Kumbe pumzi sina. Nimekula nauli ya watu bure."

Ndugu msomaji, neno hilo lilinichoma. Kijana hakuwa na kosa. Alifanya kila nililomwambia. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimpa dawa ya ugonjwa mwingine. Nilimfundisha kukimbia kama mtu wa mbio ndefu, na mchezo wake hauendi hivyo.

MCHEZO WA RAKETI UNAENDAJE?

Tuupime kwanza uwanja. Uwanja wa mpira wa vinyoya una urefu wa mita 13 na sentimita 40. Wakicheza wawili, mmoja kila upande, upana ni mita 5 na sentimita 18. Kila mmoja analinda nusu yake. Yaani urefu wa kukimbia mbele na nyuma haufiki hata mita 7.

Mtu atacheka: "Mita 7! Hata kuku wangu anakimbia zaidi ya hapo."

Ni kweli. Lakini tazama anavyozikimbia. Anaruka nyuma, anapiga juu ya kichwa. Anakuja mbele mbio, anainama chini ya wavu. Anageuka kulia, anageuka kushoto. Anasimama ghafla, anaanza tena. Haya yote yanaweza kufanyika ndani ya sekunde 10. Kisha kinyoya kinaanguka. Mchezaji anakiokota, anajifuta jasho, anarudi mahali pake. Kisha tena mbio.

Hata tenisi ni hivyo. Mapigano mengi ya pointi moja huisha kabla ya sekunde 10. Baada ya hapo kanuni inampa mchezaji muda wa kuvuta pumzi kabla ya kuanzisha mpira tena. Katika mashindano makubwa muda huo ni sekunde 25. Wanapobadilishana upande hupata sekunde 90.

Usidanganyike kwamba mchezo wa vipande vifupi ni mchezo mfupi. Mwaka 2010, huko Wimbledon, Uingereza, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza tenisi kwa saa 11 na dakika 5. Mchezo ulikatwa na giza mara mbili, ukachukua siku 3. Seti ya mwisho Isner alishinda 70 kwa 68. Ni mchezo mrefu sana. Lakini ulijengwa kwa vipande vidogo vidogo: piga, pumzika, piga, pumzika.

Hii ndiyo siri ya michezo ya raketi. Mshindi si yule tu anayekimbia vizuri. Mshindi ni yule anayerudisha nguvu upesi katika sekunde chache za kupumzika.

MTUNGI NA BOMBA

Sasa tuingie ndani ya mwili. Fikiria nyumba yenye mtungi mdogo wa maji na bomba.

Ndani ya misuli kuna akiba ndogo ya nguvu. Hiyo ni mtungi. Ukiruka au kukimbia kwa ghafla, unachota kutoka kwenye mtungi. Maji hutoka upesi, lakini mtungi ni mdogo. Kazi ya nguvu zote huupunguza sana kwa sekunde chache.

Nani anaujaza tena? Ni bomba. Bomba ni mapafu, moyo na damu. Mapafu huvuta hewa safi yenye oksijeni. Damu huibeba oksijeni. Moyo huisukuma damu mpaka kwenye misuli. Huko oksijeni huungana na chakula tulichokula, na nguvu mpya hupatikana.

Mwenye bomba kubwa, mtungi wake hujazwa upesi. Akipumzika kidogo tu, maji yamepanda. Mwenye bomba jembamba anaitwa kwenye pointi nyingine wakati mtungi bado uko nusu. Pointi inayofuata anachota robo. Mwishowe anakwangua matope. Hapo ndipo kijana wangu alipofika katika seti ya tatu.

Kwa hiyo swali letu ni hili: tulipanueje bomba?

MZEE ALIYEULIZA JUU YA JEMBE

Nilipolieleza jambo hili mkutanoni, mzee mmoja alisimama.

"Mwalimu, shikamoo nimekwisha kupewa na watoto wako, sasa nipe jibu. Huyu kijana analima tangu alfajiri mpaka jua kali. Pumzi gani tena unaitafuta?"

Nilimjibu: "Mzee wangu, swali lako ni zuri. Jembe linampa mikono, mgongo na uvumilivu. Hayo ni mali. Lakini mkulima mwenye akili hulima kwa mwendo anaouweza. Akichoka, anapunguza. Moyo wake haufiki mara nyingi kwenye kasi ya juu kabisa. Kwenye raketi hakuna kupunguza. Kinyoya kikija, ama unafika, ama umefungwa. Moyo lazima uzoezwe kufanya kazi ya juu."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi akimbie kwa nguvu zote saa nzima."

"Hawezi, mzee. Hakuna anayeweza. Akijaribu, baada ya dakika chache atakaa chini. Ndiyo maana tunagawa."

Hapo ndipo penye maana ya vipindi. Kazi ngumu ambayo huwezi kuifanya kwa mkupuo mmoja, unaigawa. Unakimbia kwa nguvu, unapumzika kidogo, unakimbia tena. Mwisho wa siku moyo umefanya kazi ya juu kwa dakika nyingi, na wewe hukuanguka. Ni kama kubeba matofali 40. Mara moja huwezi. Manne manne, yote yanafika.

JAMBO HILI LIMEJARIBIWA

Njia hii si ya jana. Emil Zátopek, mkimbiaji wa Chekoslovakia, alikuwa akikimbia mita 400 mara nyingi sana kwa siku moja. Katikati alikuwa akijongea pole pole. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, Finland, alishinda mbio tatu: mita 5,000, mita 10,000 na maratoni.

Wataalamu nao wamepima. Mwaka 2007, watafiti wa Trondheim, Norway, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walichukua wanaume 40 wenye afya, wakawagawa katika makundi manne. Wote walifanya mazoezi siku 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Makundi mawili yalikimbia bila kusimama: moja pole pole kwa dakika 45, jingine kwa mwendo wa kati kwa muda mfupi zaidi. Kundi la tatu lilikimbia kwa nguvu sekunde 15, kisha sekunde 15 pole pole, mara 47. Kundi la nne lilikimbia kwa nguvu dakika 4, kisha dakika 3 pole pole, mara 4.

Kazi waliyoifanya kwa jumla ilisawazishwa. Matokeo yakawaje? Makundi mawili ya vipindi yaliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Kundi la sekunde 15 liliongeza kwa asilimia 5 na nusu hivi. Kundi la dakika 4 liliongeza kwa asilimia 7 hivi. Makundi mawili yaliyokimbia bila kusimama hayakuongeza uwezo huo.

Hii haina maana kwamba kukimbia pole pole ni bure. Kunamfaa anayeanza. Kunaimarisha miguu na kunauzoeza mwili. Lakini ni msingi wa nyumba. Nyumba haiishii kwenye msingi. Mimi nilimwachia kijana wangu msingi, nikamwambia ahamie.

NGUVU KIASI GANI? HESABU MAPIGO

Tunaposema "kimbia kwa nguvu", hatusemi kimbia kama umemwona simba. Ukikimbia hivyo dakika 4 huzimalizi. Kuna njia mbili za kujipima.

Njia ya kwanza ni maneno. Mwisho wa kipindi jaribu kusema. Ukiweza kuimba, unakwenda pole pole mno. Ukiweza kusema maneno matatu au manne tu kisha uvute pumzi, ni sawasawa. Ukishindwa kusema kabisa, umezidisha.

Njia ya pili ni mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Utasikia mshipa unaruka. Tazama saa au simu. Hesabu kwa sekunde 10 mara tu unaposimama. Kisha zidisha kwa 6. Utapata mapigo ya dakika moja.

Mapigo ya juu ya mtu hukadiriwa hivi: chukua 220, toa umri. Mtu wa miaka 20:

220 – 20 = 200.

Katika vipindi virefu tunataka afike kiasi cha sehemu 9 katika kila sehemu 10 za 200. Hiyo ni 180. Gawanya kwa 6, unapata 30. Basi kijana wa miaka 20 akihesabu kwa sekunde 10 akapata 30, yuko mahali pake.

Kumbuka, hili ni kadirio. Watu hawafanani. Mmoja atapata zaidi, mwingine pungufu. Ukiona hesabu inasema hivi na mwili unasema vile, usikilize mwili.

MAZOEZI MATATU

Kabla ya zoezi lolote, pasha mwili kwa dakika 10. Tembea haraka, kimbia pole pole, nyoosha miguu, zungusha mikono. Baada ya zoezi usikae chini ghafla. Tembea dakika 5 mpaka moyo utulie.

Zoezi la kwanza: vipindi virefu.
Hili ndilo la kupanua bomba. Kimbia kwa nguvu dakika 4. Kisha tembea haraka au jongea pole pole dakika 3. Rudia. Anayeanza afanye mara 2 tu. Akizoea, mara 3. Mwisho wake ni mara 4. Mwenye kilima karibu akitumie, kwa sababu kilima huupandisha moyo upesi na magoti hayagongwi sana.

Zoezi la pili: vipindi vifupi.
Hili linafanana zaidi na mchezo. Kimbia kwa nguvu sekunde 15. Jongea pole pole sekunde 15. Endelea hivyo kwa dakika 4, yaani mara 8. Pumzika dakika 3. Anayeanza aishie hapo. Baadaye afanye mafungu 2, kisha 3. Mwenzako ashike saa, apige filimbi au apige kopo.

Zoezi la tatu: kona sita.
Hili hufanyika uwanjani, raketi mkononi, bila kinyoya. Weka mawe sita katika nusu yako ya uwanja: mawili mbele karibu na wavu, mawili kati kwenye mistari ya pembeni, mawili nyuma. Simama katikati. Mwenzako anaonyesha jiwe kwa kidole. Unakwenda mbio, unapiga hewa kama unapiga kinyoya, unarudi katikati. Anaonyesha jingine. Fanya hivyo sekunde 20, pumzika sekunde 20. Rudia mara 6. Pumzika dakika 3, kisha fanya fungu la pili. Usiache kurudi katikati hata ukichoka. Huko ndiko mchezo uliko.

Mama mmoja aliniuliza kama wanawake nao waweze. Nikamwambia waweze, tena sana. Moyo wa mwanamke hupanuka kwa mazoezi kama wa mwanamume. Avae nguo isiyomfunga miguu, na wa nyumbani wamsaidie maji na kuni siku ya zoezi. Lakini mjamzito asianze mazoezi haya makali kabla ya kuuliza kliniki.

RATIBA YA WIKI NANE

Wiki ya 1 na ya 2: kukimbia pole pole dakika 20, siku 3 kwa wiki. Hakuna vipindi.
Wiki ya 3 na ya 4: Jumatatu vipindi virefu mara 2. Jumatano kukimbia pole pole dakika 20. Ijumaa vipindi vifupi fungu 1.
Wiki ya 5 na ya 6: Jumatatu vipindi virefu mara 3. Jumatano kona sita mafungu 2. Ijumaa vipindi vifupi mafungu 2.
Wiki ya 7: Jumatatu vipindi virefu mara 4. Jumatano kona sita mafungu 3. Ijumaa vipindi vifupi mafungu 3.
Wiki ya 8: punguza. Jumatatu vipindi virefu mara 2. Jumatano kona sita fungu 1. Kisha pumzika, ukashindane.

Siku mbili za vipindi zisifuatane. Mwili haukui wakati wa zoezi. Unakua wakati wa kupumzika, kula na kulala. Siku za katikati cheza mchezo wako, jifunze kupiga. Pumzi bila ufundi haishindi. Na wakati wa palizi au mavuno, ukiwa umelima kutwa, punguza zoezi. Usiione kuwa aibu. Shamba ndilo linalokulisha.

UTAJUAJE KAMA BOMBA LIMEPANUKA?

Mwaka 1968 daktari mmoja wa Marekani, Kenneth Cooper, alieleza kipimo rahisi: kimbia dakika 12, kisha pima umbali uliokwenda. Sisi tulitumia uwanja wa mpira wa miguu wa shule. Ulikuwa na urefu wa mita 100 na upana wa mita 60. Kuuzunguka mara moja ni:

100 + 60 + 100 + 60 = mita 320.

Kijana wangu alizunguka mara 7 siku ya kwanza. Hiyo ni 320 x 7 = mita 2,240. Baada ya wiki 8 alizunguka mara 7 na nusu. Hiyo ni mita 2,400. Nusu mzunguko si jambo la kupigia ngoma. Lakini katika seti ya tatu, ile nusu ndiyo inayokufikisha kwenye kinyoya.

Kipimo hiki ni cha mtu aliyekwisha kuzoea kukimbia. Usimpe aliyeanza jana.

TAHADHARI

Soma sehemu hii mara mbili. Usiiruke.

1. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kisukari, pumu au seli mundu aende kwanza kwa daktari au mganga wa zahanati. Vilevile mtu wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi siku nyingi.
2. Mwenye homa asikimbie. Homa si uvivu. Akapime malaria, atibiwe, apone kwanza.
3. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda ovyo, au giza machoni, simama. Usisema "nimalizie hiki kimoja". Simama, mwambie mwenzako, nenda zahanati.
4. Usikimbie jua la mchana. Asubuhi na jioni ndiyo saa zake. Mpira wa vinyoya nao hautaki upepo, kwa hiyo asubuhi inafaa kwa yote mawili.
5. Kunywa maji kabla, katikati na baada. Kidogo kidogo.
6. Usikimbie tumbo likiwa limejaa ugali. Ngoja saa mbili au zaidi. Wala usikimbie na njaa ya tangu jana.
7. Fagia kiwanja. Ondoa mawe, miiba na vigae. Fukia mashimo. Kifundo cha mguu kikiteguka, wiki 8 zimekwenda na maji.
8. Usifanye peke yako. Awepo mtu wa kukuangalia.

KIJANA ALIRUDI

Nilimrudishia kijana raketi yake. Nilimwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilikufundisha nisichokijua. Tujifunze wote." Alikaa kimya, kisha akaichukua. Tulianza na ratiba hiyo hiyo uliyoisoma. Wiki ya tatu alinichukia. Wiki ya tano alianza kuhesabu mapigo yake mwenyewe bila kuambiwa.

Mwaka uliofuata alirudi kwenye mashindano yale yale. Nauli alijilipia kwa mahindi yake. Alikutana na mchezaji wa mjini. Walicheza seti tatu. Ya tatu alifungwa 21 kwa 19.

Alifungwa, ndiyo. Sitakudanganya kwamba alitwaa kikombe. Lakini pointi ya mwisho alikuwa bado anakimbilia kona. Yule wa mjini alipompa mkono alikuwa anahema kuliko yeye. Njiani kijana wangu alizungumza mpaka tunashuka. Alikuwa akinieleza kosa la mkono alilolifanya kwenye ile pointi ya 20. Mwaka wa kwanza hakujua alifungwa wapi. Mwaka wa pili alijua. Hayo ndiyo maendeleo.

Basi ndugu msomaji, usimpe kijana wako kazi ngumu tu na kumwita mvivu akianguka. Tazama kwanza mchezo wake unaendaje. Kisha mpe zoezi linalofanana nao. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho lazima kiwe cha kipimo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kijana alishindwa katika seti ya tatu, ingawa alikimbia kila asubuhi?
2. Katika mfano wetu, mtungi ni nini? Bomba ni nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya jembe na mchezo wa raketi?
4. Taja dalili tatu za kumfanya mtu aache zoezi mara moja.
5. Kwa nini siku mbili za vipindi zisifuatane?

HESABU

6. Mama wa miaka 40 anataka kujua kadirio la mapigo yake ya juu. Ni mangapi?
7. Sehemu 9 katika kila sehemu 10 za mapigo hayo ni mangapi? Akihesabu kwa sekunde 10 atapata mangapi?
8. Mtu amefanya vipindi virefu mara 4 vya dakika 4. Katikati amepumzika mara 3, dakika 3 kila mara. Alipasha mwili dakika 10, akamaliza kwa kutembea dakika 5. Jumla ametumia dakika ngapi?

KAZI YA KIKUNDI

Kaeni watu watano au sita. Mmoja ashike saa, mwingine aandike. Hesabuni mapigo ya kila mmoja akiwa amekaa. Kisha tembeeni haraka dakika 5, mhesabu tena. Pumzikeni dakika 1, mhesabu mara ya tatu. Andikeni katika daftari. Nani mapigo yake yameshuka upesi? Jadilini kwa nini. Watu wazima wengi wenye afya, wakiwa wamekaa, hupata kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mwenzenu akiwa mbali na hapo, mshaurini aende zahanati akapimwe.

MAJIBU YA HESABU

6. 220 – 40 = 180.
7. Mapigo 162. Kwa sekunde 10: 162 ÷ 6 = 27.
8. 16 + 9 + 10 + 5 = dakika 40.